Muulize Fundi: Bodi ya ECG inanichorea ukuta badala ya moyo

Shikamoo fundi. Mi ni mwanafunzi wa uhandisi wa umeme mwaka wa mwisho na mradi wangu ni kupima umeme wa moyo, hiyo ECG. Nimepata bodi ya majaribio yenye chipu ya ADS1298, nimeiunga kwenye maikrokontrola kwa SPI, zile nyaya za chipu kuzungumza, alafu data inaenda kwenye laptop kwa USB. Mwanzo nilikuwa nasoma sifuri tupu, baadae zikaanza kuja namba za ajabu, mara 40, mara milioni 16 na ushee, nikahangaika nikahangaika hata sikumbuki nilibadilisha nini, sasa hivi napata mstari mnene kama ukuta. Nimebandika stika mbili za kudaka umeme wa moyo (elektrodi) kifuani, kulia na kushoto. Cha ajabu nikishika chuma ya laptop ukuta unapungua, nikitoa mkono unarudi. Chipu imekufa, au moyo wangu ndo una shida? Zimebaki wiki 3 niwasilishe.

— Mwanafunzi aliyechoka

Marahaba mdogo wangu. Moyo wako hauna neno na chipu yako nzima, ila umeanzia mwisho, umejibandika stika kabla hujajua kama bodi yenyewe inasema kweli. Tutafika huko. Kwanza kuna kitu kwenye barua yako kimenishtua kuliko huo ukuta: hiyo habari ya kushika chuma ya laptop. Hukusema kama laptop ilikuwa kwenye chaja ila kwa dalili hizo naona kama naiona, imechomekwa ukutani. Ichomoe sasa hivi, alafu ndo uendelee kusoma.

Sikutishi. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, huwa inatulinda sana, lakini stika yenye jeli imetengenezwa makusudi ipunguze huo ukinzani, na we umeziweka upande huu na huu wa moyo. Chaja ikiharibika ndani, njia iliyobaki inapita kifuani kwako. Viwango vya kimataifa vya vifaa vya tiba, hiyo IEC 60601, vinaruhusu mkondo wa kuvuja kwenda kwa mgonjwa wa mikroampia 100 tu hali ikiwa ya kawaida, na kwa vifaa vya daraja la kugusa moyo wenyewe ni mikroampia 10. Bodi ya majaribio haijapita huo mtihani, imetengenezwa ili mhandisi aijue chipu, basi. Kwahiyo ukiwa umebandikwa stika kila kitu kiende kwa betri: laptop bila chaja, bila kebo ya skrini ya nje, bila waya wa mtandao, na tafadhali usije ukachomeka proba ya oskiloskopu ya mezani kwenye hiyo saketi kwasababu graundi ya proba imeungana moja kwa moja na earth ya ukutani, watu wengi hawalijui hilo. Kikubwa zaidi tenganisha kabisa, maikrokontrola itumie betri yake na data irushwe kwa Bluetooth.

Sasa huo ukuta. Ni umeme wa nyumba. Moyo ukipiga, juu ya ngozi unaacha tofauti ya kama milivolti 1, hapo nasema ile ncha ndefu ya R, vilima vidogo vya P na T viko chini ya hapo. We umekaa chumbani umezungukwa na nyaya za ukutani, taa na chaja, na mwili wako unaudaka umeme huo hewani bila kugusa waya wowote, unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, au 60 kutegemea nchi uliyopo. Unachodaka ni kikubwa kuliko moyo kwa mbali. Kazi ya ampilifaya ni kutoa stika moja kwenye nyingine ili kinachofanana kote kifutike kibaki cha moyo, ila hesabu hiyo inakubali tu kama stika zote zimeshika ngozi sawasawa, moja ikiwa na jeli mbichi na nyingine imekauka basi kufanana kunavunjika na umeme wa nyumba unajipenyeza humo ukijifanya ni mapigo. Hebu vuta karibu huo ukuta, chukua sekunde 1 tu, hesabu vilele. Ukipata 50 au 60 hamna siri tena.

Na stika mbili hazitoshi. Kuna ya tatu, ndo inaitwa ya mguu wa kulia hata kama tunaibandika chini ya mbavu. Yenyewe haipimi. Chipu inasikiliza kile kinachofanana kwenye stika zako, inakigeuza kichwa chini, inakirudisha mwilini kidogo kidogo kupitia rezista, vinakutana vinauana. Ulipokuwa unashika chuma ya laptop ulikuwa unafanya kazi hiyo hiyo kwa mkono, tena kwa njia ya hatari. Kwenye ADS1298 hiyo sehemu inazaliwa ikiwa imezimwa, bila kuiwasha hata ukibandika stika ya tatu ni mapambo tu. Rejista, yaani kisanduku cha mipangilio ndani ya chipu, ile ya CONFIG3 weka 0xCC (0x ni alama ya namba za heksadesimali), inawasha refarensi ya ndani, ile volti ambayo chipu inapimia, pamoja na hiyo saketi ya mguu, alafu kwenye rejista 0x0D na 0x0E chagua chaneli, yaani njia za kupimia, ambazo itazisikiliza. Angalia na jampa za bodi yako pia, vile vipande vya kuunganisha pini mbili, kuna bodi ambazo njia ya kwenda stika ya tatu iko wazi mpaka uweke jampa.

Haya, toa stika zote, turudi mwanzo. Unaanza na umeme wa bodi, pima kwa mita kwenye miguu ya chipu yenyewe na sio kwenye pini za bodi, mara nyingi jampa moja imekaa vibaya na upande wa analogi hauna kitu. Ukiridhika, soma rejista ya kitambulisho. Na hapa ndo zile sifuri zako za siku ya kwanza zilikotoka, nadhani: hii chipu ikiwaka inaanza moja kwa moja kwenye hali ya kumwaga data mfululizo, na ikiwa humo haijibu maswali ya rejista. Lazima kwanza uiambie nyamaza, amri ni SDATAC, yaani 0x11, ndo uulize. Rejista namba 0 ikikurudishia 0x92 mmeelewana. Ikirudisha 0x00 au 0xFF kila mara tafuta waya, na ikirudisha kitu kinachofanana fanana na jibu ila kimeteleza biti moja basi hali yako ya SPI sio, inatakiwa mode 1, wengi wanaacha 0 kwasababu ndo inakuja yenyewe kwenye laibrari.

Zile milioni 16 nazo nazijua, zimenichezea hata mimi. Kila sampuli, yaani kipimo kimoja, ni biti 24 zenye alama ya hasi na chanya, we ukazimwaga kwenye namba ya biti 32 bila kuitanua ile alama. Hasi 1 kwenye biti 24 ni 0xFFFFFF, ukiisoma bila alama inakuwa 16,777,215. Kwahiyo mstari wako ulikuwa unacheza vizuri tu jirani na sifuri, kila ukishuka chini ya sifuri kidogo unarushwa darini. Kama ulirekebisha kwa kubahatisha rudi ukahakikishe, biti ya juu kabisa ikiwa 1 jaza baiti ya nne kwa 0xFF. Alafu subiri DRDY, pini ya chipu inayosema data iko tayari, ishuke ndo usome, na usome fremu nzima: baiti 3 za hali, kisha chaneli 8 za baiti 3 kila moja, jumla 27. Ukisoma 24 ukaona zinatosha kila kitu kitahama mahali pake.

Baada ya hapo bodi ijipime yenyewe. Kuna majaribio mawili humo ndani na nakuomba usiruke hata moja. La kwanza ni kufunga mdomo wa chaneli, CHnSET (rejista ya kila chaneli, n ni namba yake) weka 0x01, ingizo mbili zinaungwa pamoja ndani kwa ndani na hamna cha kupima. Utapata mstari mwembamba karibu na sifuri wenye kelele ya mikrovolti chache. Kama hapo hapo tayari una ukuta, usipoteze stika zako, shida iko kwenye umeme wa bodi au graundi. La pili ni ishara ya majaribio ya ndani, CONFIG2 weka 0x10 na CHnSET 0x05, utaona mraba unapanda na kushuka kama mara 1 kwa sekunde, milivolti 1 juu na milivolti 1 chini. Hapo ndo unapata rula yako. Kwa refarensi ya volti 2.4 na ukuzaji wa mara 6, hatua moja ni nanovolti 47.7 hivi, kwahiyo milivolti 1 lazima isomeke karibu na 20,970. Mraba wako ukigonga hapo, kila namba utakayotoa kwenye ripoti ina mguu wa kusimamia, na mwalimu akikuuliza umejuaje kwamba hiyo ni milivolti 1 una jibu. Ukipata nusu yake au mara mbili, umekosea ukuzaji kwenye hesabu. Usisahau refarensi inahitaji muda kutulia ukishaiwasha, mpe kama milisekunde 150.

Ukimaliza ya ndani toka nje ila bado sio kwenye mwili. Kama maabara wana simyuleta ya ECG, kifaa cha kuigiza moyo, azima. Kama hamna, jenereta ya ishara inatosha, weka rezista ya kiloomu 100 na ya omu 100 kwa mfululizo, uchukue kilichopo juu ya ile ya omu 100, volti 1 inakuwa karibu milivolti 1 kamili. Hatua hii inakamata makosa ya kebo, ndo kazi yake, kwasababu jaribio la ndani halipiti kwenye kebo kabisa.

Sasa ndo ujibandike. Ngozi isafishwe kwa spiriti, ikauke, uisugue kidogo kwa kitambaa kikavu, nywele zinyolewe sehemu ya stika tu. Stika ziwe zile za fedha na kloridi ya fedha, na uangalie tarehe kwenye pakiti, jeli ikikauka ni sawa na kubandika kifungo cha shati. Moja chini ya mtulinga wa kulia, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, moja chini ya wa kushoto, ya tatu chini ya mbavu kulia. Kaa, legeza mabega, usiongee. Nyaya zisokote pamoja badala ya kuziacha zimetandaa mezani, kitanzi kikubwa cha waya kinadaka umeme kama wavu. Misuli ya bega nayo ina umeme wake, ukikaza mkono utaona mstari unaota manyoya, hiyo sio hitilafu.

Utashawishika kupandisha ukuzaji ili mapigo yaonekane makubwa. Acha kwanza. Kila stika inatengeneza volti yake pale inapogusana na ngozi, na tofauti kati ya stika mbili inaweza kufika milivolti 300, yaani mara mia kadhaa ya moyo. Kwa ukuzaji wa 6 chipu inabeba mpaka milivolti 400 kwenda kila upande, kwahiyo hata hali mbaya inaingia. Ukiweka 12 nafasi inakuwa milivolti 200, stika zikiwa na ugomvi wao mstari unagonga dari na kubaki hapo, alafu unarudi kunilalamikia chipu imekufa. Hiyo ndo raha ya biti 24, huna haja ya kukuza sana, hatua ni ndogo mno tayari. Chaneli usizotumia zizime, CHnSET zake weka 0x81, zisikusumbue.

Nikupe na aibu yangu. Bodi yangu ya kwanza nilipata wimbi zuri sana, linapanda polepole linashuka polepole, nikajiambia hii ni pumzi, kifua kinatanuka mstari unafuata, nikaandika na kwenye daftari. Usiku wa pili nikajaribu kubana pumzi. Wimbi likaendelea. Nikatoa stika zote nikaziweka mezani, wimbi likaendelea! Kumbe nilikuwa nachukua sampuli 250 kwa sekunde ila programu ya kuchora ilikuwa inachora moja kati ya tano ili isikwame, yaani 50 kwa sekunde, na umeme wa nyumba ukipigwa picha mara 50 kwa sekunde wakati wenyewe unazunguka mara 50 na chembe, unaonekana kama umesimama unatembea taratibu. Ilikuwa ukuta ule ule wako ila umevaa nguo nyingine. Tangu siku hiyo nachora sampuli zote, na filta ya kukata 50 naiweka mwisho kabisa baada ya kuona kwa macho yangu data mbichi ikoje. Ukiiweka mapema inakufichia stika iliyobanduka.

Kwa wiki 3 unamaliza. Siku mbili za bodi, siku moja ya stika, zilizobaki andika ripoti.

*

Fundi mambo. Nina ile bodi ndogo ya AD8232 yenye waya tatu, nyekundu, njano na kijani. ECG inaonekana safi kabisa ila iko kichwa chini, ncha ndefu inaangalia chini. Nigeuze kwenye programu nizidishe kwa hasi 1?

— Kichwa chini

Poa ndugu yangu. Usizidishe, badilisha waya. Umeweka ya mkono wa kulia kushoto na ya kushoto kulia. Lidi, yaani tofauti ya umeme kati ya sehemu mbili za mwili, ile ya kwanza ni mkono wa kushoto kutoa wa kulia, ukizibadilishana unapata kitu kile kile kwa hasi. Ukificha kosa kwenye programu, siku mwingine akibandika sawasawa yeye ndo ataonekana kageuka.

Rangi ndo zinawachanganya watu na sishangai, kuna mifumo miwili. Wa kimataifa: nyekundu mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Wa Marekani: nyeupe mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, nyekundu mguu wa kushoto, kijani mguu wa kulia. Ona nyekundu, nyeusi na kijani zote zina maana mbili. Na kebo za hizi bodi za bei chee mara nyingi hazifuati mfumo wowote kati ya hiyo, kijani yako kwa mfano ndo inakwenda kwenye ile saketi ya mguu wa kulia wakati rangi za waya nyingine ni za mfumo wa kimataifa. Chukua mita, weka kwenye mlio, fuata kila waya kutoka kwenye stika mpaka kwenye pini za bodi zilizoandikwa RA (mkono wa kulia), LA (mkono wa kushoto) na RL (mguu wa kulia), andika kwenye karatasi gundi ubandike kwenye waya. Dakika tano.

Ukipata bodi ya chaneli tatu kuna ukaguzi mtamu zaidi: lidi ya kwanza ukijumlisha na ya tatu (mguu wa kushoto kutoa mkono wa kushoto) unapata ya pili (mguu wa kushoto kutoa mkono wa kulia), wakati wowote, kwa mtu yeyote. Ni hesabu ya Einthoven, yule Mholanzi aliyepata Nobel mwaka 1924. Yeye hakuwa na stika, watu wake walitumbukiza mikono miwili na mguu wa kushoto kwenye vyombo vya maji ya chumvi, na mashine yake ilikuwa na uzito wa kama kilo 270. We unalalamikia waya tatu.

*

Habari za kazi fundi. Baba yangu anasumbuliwa na moyo na kliniki ni mbali. Nimeshatengeneza ECG inafanya kazi vizuri, nataka niwe nampima nyumbani nikiona imebadilika nimpeleke. Nianze kuangalia nini kwenye grafu?

— Mtoto wa mzee

Pole na mzee. Jibu langu ni hapana, na nakuelewa kwa nini unauliza. Kifaa chako kina chaneli moja, ECG ya hospitali ina stika 10 na inautazama moyo kwa pembe 12, kuna tatizo linaonekana kwenye pembe moja tu na kwingine kote panaonekana shwari. Alafu kuna filta. Ili mstari usiyumbe, bodi zetu za nyumbani zinakata kila kitu chini ya 0.5 Hz (mizunguko kwa sekunde) au hata juu ya hapo, na juu zinakata kwenye 40. Kwa kuhesabu mapigo ni sawa kabisa. Lakini ya kutambua ugonjwa inatakiwa ianzie 0.05 mpaka 150, kwasababu ile sehemu kati ya S, kishimo kinachofuata ncha ya R, na kilima cha T, ambayo daktari anaitazama sana mtu akiumwa kifua, inapindishwa na filta ya 0.5. Inaweza kuonekana imepanda wakati haijapanda, au imelala wakati sio.

Kinachonitia hofu zaidi ni siku mzee anasema kifua kinambana na we unaangalia skrini unaona sawa tu, unamwambia baba lala. Akilalamika kifua, pumzi au kizunguzungu mpeleke, usichomeke kitu. Kama kliniki ni mbali muulize daktari wake kuhusu kifaa cha kuvaa cha kurekodi saa 24, kipo kwa kazi hiyo hiyo na anayesoma majibu ni mtu aliyesomea.

Bodi yako ijaribu kwako mwenyewe, kwa betri.

*

Fundi stika moja natumia mara ngapi?

— Mbana matumizi

Moja.